Mwano Nilioupiga

Jumapili, 14 Mei

Leo nalala na pamba. Chumba tulichopewa mimi na Jenifer ndicho ghala, na lundo la pamba limekaa kona ya mlango kama shangazi aliyekuja bila kuaga kwao. Jenifer anasema Juni ikiisha lundo litafika dirishani na sisi tutakuwa juu yake, tukiteleza.

Niweke mambo sawa kabla sijasahau. Mimi ni Wakesho, wa Voi, Kenya, mwaka wa tatu wa kilimo. Nilivuka mpaka pale Sirari mwezi wa pili kuja kusoma muhula mmoja kwenye chuo cha hapa Bariadi. Darasani tumemaliza. Zilizobaki ni wiki za shambani, na kila mgeni amepelekwa nyumbani kwa mwenzake wa darasa. Mimi nimeletwa kwa kina Jenifer, kijiji cha upande wa Nkoma. Tarehe tano Julai basi litatupakia wageni wote turudi kwetu. Mwalimu Sylvester, anayetusimamia, ametuambia tuandike shajara. Amesema pia hataisoma. Basi nitaandika ninavyotaka.

Tuliposhuka kwenye bodaboda mvua ikatukamata, ya mwisho ya msimu. Pamba iliyokwisha kufunguka haitaki mvua, kila mtu alikuwa amenuna. Mama yake Jenifer, Mayu Eufrasia, akanitazama nilivyolowa, akacheka. "Umekuja na mvua. Wewe ni Kabula." Huku mayu ni mama, na Kabula ni msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha. Nimezaliwa upya, na nimezaliwa na matope.

Jumatatu, 15 Mei

Mgongo. Mgongo. Mgongo.

Jumamosi, 20 Mei

Salamu ya hapa haitupwi ukiwa unapita. Unasimama. Kwa mkubwa unapiga goti kidogo, unasema "Mwangaluka", anaitikia, halafu anauliza: ng'wana nani? Mtoto wa nani? Jina lako hawana haja nalo, wanataka la baba yako. Siku za kwanza nilikuwa najibu mtoto wa Mwakio wa Voi, na mzee wa watu anabaki ananitazama kama nimemsomea hesabu.

Baba Mahona, baba yake Jenifer, ni mtu wa maneno machache. Juzi alinisikia nikihangaika na ajuza mmoja njiani, akasema bila kugeuka, "Sema ng'wana Mahona. Itaisha upesi."

Tangu hapo nasema hivyo, na kweli inaisha upesi. Jirani yetu Lukresia, ambaye mdomo wake haujui Jumapili, alimwuliza, "Mahona, huyu mrefu umemzaa lini?"

"Nilimsahau Kenya."

Nimecheka mpaka kiuno kikauma zaidi. Na nikiri hapa ambapo hakuna anayesoma, nilifurahi kupita kiasi.

Kuchuma bado sijui. Pamba inachomolewa kwa vidole, majani yanabaki kwenye mti. Yangu inatoka na majani, vijiti, na siku moja panzi. Wanatenganisha safi huku, chafu kule, na chafu wanaiita fafi. Mayu alichukua furushi langu zima la asubuhi akalimwaga kwenye fafi, bila hata kulichambua. "Usijali, mwanangu. Hata fafi inanunuliwa."

Jumanne, 23 Mei

Leo nimesikia mwano.

Ilikuwa jioni, mbuzi wanarudi. Sauti ya mwanamke ikapanda kutoka ng'ambo ya korongo, ndefu, halafu ikadakwa na mwingine, na mwingine, mpaka kijiji kizima kikawa koo moja. Mayu akaacha mwiko ndani ya ugali. Baba Mahona akatoka na kiatu kimoja. Mzee Salu, ambaye ni mtemi wa sungusungu wa hapa, yaani mkubwa wa ulinzi wa kijiji, alipita mbio na povu la sabuni kichwani na shuka kiunoni. Alikuwa anaoga. Hakuna aliyecheka, hata mimi.

Ni fisi alikuwa ameingia zizini kwa mtu. Wamemfukuza, mbuzi mmoja ameraruliwa.

Wakati wa kula Baba Mahona akanieleza. Huo ndio mwano, yowe la kijiji. Ukiusikia unakimbia, uwe unakula au unazika. Ukiona hatari unaupiga, usipoupiga una kosa. Na ukiupiga bure, hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu siku nyingine watu watasita.

"Hata mgeni?" nikauliza.

"Mgeni hana mwano," akasema. "Lakini wewe si mgeni. Ukiona kitu, piga."

Akanifundisha. Kiganja pembeni mwa mdomo, sauti itoke tumboni. Nilijaribu kidogo kidogo ndani ya nyumba, Jenifer akajifunika kanga kichwani kwa kicheko.

Jumapili, 28 Mei

Misa. Baba Mahona ni mwenyekiti wa kigango. Aliposoma matangazo alisema, "Na mwanangu Kabula yuko nasi." Walipiga makofi.

Alhamisi, 1 Juni

Viazi vilivyokatwa vikaanikwa ni michembe. Vikipikwa kwanza ndipo vikaanikwa ni matobolwa. Nimekula vyote viwili mpaka nikashindwa kuinama shambani.

Jumapili, 4 Juni

Mtandao unapatikana juu ya kichuguu nyuma ya zizi. Ukitaka kuongea na dunia unapanda. Leo nilipanda kumpigia mama. Aliniambia amepaka chumba changu rangi. Akaniuliza kama nina hamu ya kurudi, nikasema sana, mama. Nikashuka nikiwa na uongo mdomoni. Sina hamu.  Nimemwona Mayu akiniwekea ukoko wa ugali kwa sababu aligundua naupenda, bila mimi kusema. Halafu nafikiria chumba changu Voi na rangi yake mpya, na mama yangu peke yake mezani, naona aibu. Mtu atakaaje na hamu mbili zinazovutana nguo?

Nimeamua nitamwomba Mwalimu Sylvester aniongezee wiki mbili, nimalize mavuno. Nilimwambia Jenifer. Nilidhani atanirukia. Alisema tu, "Wiki mbili nyingi." Halafu akapanda kichuguu na simu yake, akakaa huko mpaka mbuzi wakarudi.

Huyu Jenifer siku hizi ni mtu wa kichuguuni. Jana kwenye mnada tulikutana na kijana mmoja, Masunga, wa kutoka Mwamanyili, watu wa ng'ombe wengi. Alitununulia soda. Pikipiki yake ina vumbi la safari ndefu na kioo chake kimefutwa kikang'aa. Jenifer alisema ni binamu. Nikasema binamu gani anayekuangalia hivyo. Akanifinya. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba wazazi wake wanamtaka amalize chuo kwanza, na wakimpata mume awe wa kanisani, na watu wa kule kwa Masunga bado wanatambika kwa mababu. Nikamwambia asijali, siri yake iko kaburini.

Jumanne, 6 Juni

Upepo, vumbi, pamba puani.

Ijumaa, 9 Juni

Nitaandika yote, kwa mpangilio, ili kesho mtu asinichanganye.

Baada ya chakula cha mchana Jenifer alisema twende shamba la mbali, la kando ya korongo, kuna pamba imebaki. Mayu alisema ile ni fafi tupu, iachwe. Jenifer akasema, "Tukienda wawili hatutachelewa." Mayu akaniangalia mimi, akakubali. Alikubali kwa sababu yangu.

Tulikuwa tumechuma nusu ya gunia. Nikasikia pikipiki, mbili. Zikasimama kwenye korongo. Wakapanda kutoka humo vijana watatu. Wa mbele akamshika Jenifer kiunoni akamwinua, mwingine akamshika miguu. Jenifer akapiga kelele. "Niacheni, niacheni, mayu wee." Wa tatu alisimama mbele yangu, hakunigusa, alinyoosha mikono tu kunizuia kama anavyozuiwa ndama. Na yule aliyemshika kiunoni nilimwona uso. Ni Masunga.

Sikufikiri binamu wala soda. Nilimwona mwenzangu anabebwa kama gunia, analia. Nikaweka kiganja pembeni mwa mdomo nikapiga mwano. Ulitoka wenyewe. Sikujua nina sauti ile.

Walishtuka wote watatu. Na hapa ndipo panaponisumbua: na Jenifer alishtuka. Alinyamaza palepale. Aligeuza kichwa, akiwa bado mikononi mwao, akanitazama kwa hasira. Mwano ukaanza kudakwa kijijini. Masunga akamwachia, wakateremka korongoni, pikipiki zikaondoka. Kabla vumbi halijatua watu walikuwa wameshafika, wanaume na fimbo, wanawake na mapanga ya kukatia kuni, Baba Mahona mbele kabisa anahema.

"Nini? Nani?" Mzee Salu akauliza.

Nikaonyesha njia. Nikasema, "Wanaume watatu wamemkamata Jenifer."

Wote wakamgeukia. Alikuwa amekaa chini anajipangusa majani kwenye sketi.

"Hakuna kitu," akasema. "Walikuwa wanauliza njia. Wakatutania kidogo. Kabula ameogopa."

Jumamosi, 10 Juni

Wameketi leo asubuhi, uwanjani kwa Mzee Salu. Kijiji kizima kimeacha pamba. Jana wakati wa kukimbia mzee Yakobo alianguka kwenye tuta akavunjika mkono, na leo alikuwa amekaa mbele kabisa na mkono wake kwenye kanga. Kila nilipotazama, niliona mkono ule.

Nilisimama nikasema nilichokiona. Nilisema walimbeba. Nilisema alipiga kelele na maneno aliyoyasema. Jina la Masunga sikulitaja, maana niliahidi. Kumbe nilikuwa bado mjinga hivyo.

Mzee Salu alimsimamisha Jenifer. "Binti, ulishikwa?"

"Sikushikwa."

"Ulilia?"

"Nilicheka. Labda kwao Kenya kicheko ni kingine."

Watu wakacheka. Nilimwangalia. Tunakula sahani moja, tunajifunika blanketi moja, amenisuka nywele hizi zilizo kichwani. Hakunitazama hata mara moja. Alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu, na sauti yake ilikuwa imetulia kabisa, kama anajibu swali la mtihani alilolijua tangu nyumbani.

Basi wazee wakasema: aliyedaiwa kukamatwa amekana, mwano ulipigwa bure, mtu amevunjika. Kwa mila, aliyepiga mwano wa bure anatengwa. Hasalimiwi, hauziwi, hasogelewi, mpaka baba yake alete mbuzi kutoka zizi lake, aliwe na watu wote, yaishe.

Mzee Salu akaniuliza swali lile la kila asubuhi, ila leo hakutabasamu. "Ng'wana nani?"

Nikajibu, "Ng'wana Mahona."

Akamgeukia. "Mahona. Ni wako?"

Baba Mahona alikuwa kwenye kigoda, kofia magotini. Aliigeuza ile kofia. Akaitazama ndani, kama kuna kitu kimeandikwa humo. Najua alichokuwa anakiwaza, nimejifunza mila zao vya kutosha: akisema ni wake, kosa ni la nyumba yake, ya mwenyekiti wa kigango, na hapo wataanza kuuliza vizuri zaidi binti yake wa kumzaa alikuwa anafanya nini korongoni.

"Ni mgeni wa chuo," akasema.

Hakuna aliyecheka.

Wamesema kwa kuwa mgeni hana zizi hapa, atatengwa mpaka siku yake ya kuondoka. Nyumba ya Mahona haina kosa. Wataendelea kunipa chakula, ila kitawekwa chini. Sitapewa mkononi.

Jumapili, 11 Juni

Sikuenda misa. Nani atanipa amani?

Chakula: Mayu aliweka sahani kwenye kigoda, akarudi nyuma. Ukoko ulikuwepo. Ningemtupia.

Jumanne, 13 Juni

Mwangaluka, Lukresia. Kimya. Mwangaluka, mzee Yakobo. Kimya. Hata mbwa wa Lukresia nadhani ameambiwa.

Usiku ule wa kwanza nilimwuliza Jenifer, "Kwa nini?" Alijibu akiwa amegeukia ukuta: "Usinisemeshe. Nitatengwa na mimi." Tangu hapo lundo la pamba liko katikati yetu. Limefika dirishani kweli.

Alhamisi, 15 Juni

Nimepanda kichuguu nikampigia Mwalimu Sylvester. Nikamwambia yote, nikaomba anichukue leo. Alisikiliza vizuri. Kisha akasema mila za watu ni ngumu, nivumilie, nisiende polisi wala kwa mtendaji, kwa sababu kijiji kikinuna mwaka ujao hakitapokea mwanafunzi mwingine. "Usituharibie uhusiano, Wakesho. Bado wiki chache tu."

Wiki chache tu. Mimi nilikuwa nataka kumwomba ziongezwe.

Mama alipiga kabla sijashuka. Nikamwambia naendelea vizuri, nakula. Huo ulikuwa uongo wa pili, na huu niliusema nikilia, nikasema ni vumbi.

Jumapili, 18 Juni

Ninachuma mstari wangu peke yangu, mwisho wa shamba. Nimekuwa hodari. Pamba yangu haina jani. Leo Mayu alipita, akaichukua, akaimwaga kwenye safi. 

Kwetu mtu akikukasirikia anakutukana, unamtukana, mnakunywa chai. Hawa hawana hasira na mimi hata kidogo, ndiyo shida. Wananipita kwa upole, kwa adabu, kama mtu anavyopita kaburi. Nimeanza kujisemesha. Jana nilijisalimia, nikajiuliza ng'wana nani, sikuwa na jibu la haraka.

Alhamisi, 22 Juni

Hakuna.

Ijumaa, 23 Juni

Jenifer hayupo. Alisema anakwenda Bariadi mjini kuchukua matokeo ya mazoezi chuoni. Mchana Baba Mahona akiwa kichuguuni ikaja simu kutoka Mwamanyili, kwa wazee wa upande wa Masunga: binti yenu yuko kwetu, yuko salama, msimtafute, tutakuja kuzungumza.

Baba Mahona alisimama chini ya kichuguu na simu mkononi muda mrefu. Mimi nilikuwa naanika pamba hatua chache kutoka kwake. Nilingoja ageuke. Alipita, akaingia ndani.

Jumamosi, 24 Juni

Nimevunja mwiko wao. Nimemfuata Mayu jikoni nikafunga mlango nikamwambia, "Leo utanisemesha, mayu, hata wakutenge."

Alikuwa anasonga. Hakuacha kusonga.

Nikasema, "Sasa mnajua nilisema kweli."

"Nilijua siku ile ile."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Mliporudi nilimtekea maji ya kuoga," akasema. "Alipovua nguo za shamba, ndani alikuwa amevaa gauni lake la Pasaka. Nani anakwenda kuchuma fafi amevaa gauni la Pasaka? Nikamwuliza, akaniambia yote. Walipanga wenyewe. Aonekane amechukuliwa kwa nguvu ili sisi tusimlaumu. Wewe ulitakiwa urudi nyumbani polepole, unalia, uje utuambie umeona. Mpaka ufike wao wangekuwa Lamadi. Hakujua utapiga mwano. Aliniuliza, nani amemfundisha?"

"Baba," nikasema.

"Ndiyo. Nikamwambia, baba yako."

"Na baba alijua? Kabla ya kikao?"

Akaonja ugali kwa ncha ya mwiko. "Nilimwambia usiku."

Basi. Ndiyo hiyo kofia aliyokuwa anaigeuza. Sijui kwa nini hili liliniuma kuliko lile la Jenifer. Jenifer ni msichana wa rika langu, ana mtu anampenda, aliogopa, akadanganya. Wasichana tunadanganya. Lakini hawa wawili walikaa usiku mzima chumba cha pili, wakanipima, wakakubaliana.

"Kwa nini mimi?" nikamwuliza.

Ndipo akanitazama, na macho yake yalikuwa yamejaa, sitasema uongo hapa. "Kwa sababu wewe unaondoka, mwanangu. Aibu yako utapanda nayo basi, ukifika kwenu hakuna anayeijua. Ya Jenifer ingebaki hapa. Angeolewa nayo, angezaa nayo, wangemwita nayo kisimani mpaka azeeke. Nilikuwa na mtu mmoja wa kuokoa. Ungekuwa mama ungemwokoa nani?"

 Nimelitafuta jibu tangu asubuhi, na kulikosa kunanikasirisha zaidi. Mtu anayekuumiza angekuwa na adabu ya kuwa na makosa.

Akaniwekea sahani. Safari hii aliishika, akaninyooshea mkononi. Nikamwambia aiweke chini.

Jumapili, 25 Juni

Baada ya misa Mzee Salu alisimama nje ya kigango akasema sasa imejulikana vijana wale walimfuata Jenifer, kumbe mwano haukuwa wa bure. Kwa hiyo hakuna kosa. Kwa hiyo hakuna kutengwa. Mbuzi hahitajiki.

Hahitajiki. Baba Mahona hakutakiwa kusema chochote, na hakusema.

Watu walinisalimia kama bomba limefunguliwa. Mwangaluka Kabula, mwangaluka, umekonda. Lukresia alinikumbatia akaniambia, "Mimi nilijua tu wewe si mwongo." Nikamwuliza alijulia wapi, maana alinipita kila siku na ndoo yake. Akacheka akasema mila ni mila. Mzee Yakobo alinipa mkono ule mzima. Nilimwitikia huyo peke yake kwa moyo. Hakunifanyia lolote zaidi ya kuitikia mwano wangu.

Jumamosi, 1 Julai

Wazee wa Mwamanyili wamekuja, ng'ombe wa faini mbele, Jenifer nyuma ili aolewe kwa heshima. Wamezungumza mchana kutwa. Ndoa itafungwa kigangoni, baada ya mavuno, Masunga atabatizwa kwanza. Kila mtu amepata alichotaka. Kilio cha kuchukuliwa kwa nguvu hakuna anayekitaja tena.

Jenifer alinifuata chumbani. Amenenepa kidogo kwa wiki moja tu. Akakaa juu ya pamba.

"Wakesho." Hajawahi kuniita hivyo hapa. "Ningesema nini mbele ya watu wote wale?"

"Ungesema nilishikwa."

"Masunga angeuawa kwa fimbo."

"Basi ungesema uliondoka kwa hiari."

"Baba angekufa kwa aibu."

"Kwa hiyo ukanitoa mimi."

Akachomoa nyuzi chache kwenye lundo. Halafu akasema, "Nilikuwa nakuhesabu wewe kama dada. Dada unamtwika mzigo bila kumwuliza." Na naapa aliamini anachosema. Alinyoosha mkono anishike nywele, zimefumuka, anisuke. Nikamwambia ziache.

Jumatatu, 3 Julai

Baba Mahona amesema maneno mengi leo kuliko msimu mzima. Aliniita nje, akanipa kigoda, akabaki yeye amesimama. Alisema bibi harusi wa hapa hatoki nyumbani bila dada. Jenifer hana dada wa tumbo. Nyumba yote imekubaliana awe Kabula. Akasema amempigia Mwalimu Sylvester mwenyewe, na mwalimu amekubali nibaki wiki mbili.

Wiki mbili zangu zile. Zimeletwa mpaka mlangoni.

Nilingoja. Nilifikiri sasa atafika kule, kwenye kofia. Alikohoa. Akasema, "Tutakushonea gauni."

Nikamwambia nitafikiri. Nimefikiri. Nimechuma nikifikiri, nimekula nikifikiri, nimewachukia mpaka meno yameuma, halafu Mayu akapita uani anaimba wimbo wa kanisani huku anapepeta mtama, nikajikuta naujua huo wimbo, naitikia kiitikio chumbani, kimoyomoyo. Ningekuwa na mtu wa kunipiga kofi ningemwita.

Kama atasema neno moja la kukiri, nitabaki. Sihitaji mkutano wala mbuzi. Neno moja tu.

Jumanne, 4 Julai

Nimefungasha. Nimefungua. Nimefungasha.

Jumatano, 5 Julai

Baba Mahona hakuja. Alisema ana kikao cha chama cha msingi, pamba inapokelewa. Jenifer alilala akiwa amejifunika kichwa. Alikuwa macho, najua anavyopumua akiwa amelala. Mayu Eufrasia alinisindikiza mpaka stendi ya Bariadi, kwenye pikipiki moja, furushi la michembe katikati yetu.

Wageni wenzangu walikuwa wanapigana picha na kulia shingoni kwa wenyeji wao. Yule aliyekaa Ipililo alipewa kuku, anamlilia kuku na mama mwenye kuku. Nimewaonea wivu mpaka nikatazama pembeni.

Mwalimu Sylvester akaja na tabasamu. "Wakesho, si unabaki?"

 Nilimgeukia Mayu. Alikuwa anafunga upya fundo la lile furushi, fundo lililokuwa limefungwa vizuri.

"Unakwenda kweli?" akaniuliza.

"Mimi ni mgeni wa chuo, mayu," nikasema. "Muhula umeisha."

Nilikuwa nimeweka mguu mmoja kwenye ngazi ya basi. Mwingine uliendelea kubaki chini. Kondakta alikuwa anapigapiga bodi. Nilimtazama Mayu usoni, na nikahakikisha anaona kwamba nangoja lile neno. Aliona. Huyu ni mwanamke aliyejua napenda ukoko kabla sijasema.

Akanikabidhi furushi. Akanifuta vumbi begani.

"Haya," akasema. "Msalimie mama yako."

Nikapandisha na ule mguu mwingine.